Dakika 45 Bila Tangazo

Tarehe 21 Julai 2007, katika uwanja wa Carson, kusini mwa Los Angeles, kituo cha ESPN kilitenga kamera moja ya kumfuata David Beckham na kitu kingine chochote kisiihusu. Shida ni kwamba Beckham alikuwa benchi. Kifundo cha mguu kilikuwa kinamsumbua, na LA Galaxy walikuwa wanacheza na Chelsea mechi ya kirafiki isiyokuwa na pointi. Kamera ikamkazia macho mtu aliyekaa. Dakika ya 78 akaingia, akacheza robo saa hivi, Chelsea wakashinda 1-0, watu wakarudi majumbani.

Ni rahisi kucheka. Lakini kamera ile inaeleza uhusiano wa ESPN na soka vizuri kuliko hotuba nyingi za mabosi wake. Historia hiyo kwa kawaida husimuliwa kama hadithi ya mapenzi yaliyochelewa: Wamarekani walikuwa hawaupendi mpira wa miguu, wakajifunza polepole, na televisheni ikawafuata. Mimi siinunui. Ukiangalia kila hatua kituo hiki kilipousogelea mchezo huu au kuukimbia, unakuta jambo moja limebadilika kabla ya mengine yote, nalo ni namna ESPN ilivyokuwa ikiingiza pesa mwaka ule. Mapenzi yalikuwepo, tena ya kweli kwa baadhi ya watu mle ndani, ila yalisubiri hesabu zikae sawa.

Tuanzie Bristol, mji mdogo wa jimbo la Connecticut, ambako ESPN iliwasha mitambo jioni ya tarehe 7 Septemba 1979. Mwanzilishi wake, Bill Rasmussen, alikuwa ametoka kupoteza kazi katika timu ya magongo ya barafuni. Yeye na mwanawe Scott walitaka kukodi nafasi kwenye satelaiti kwa saa chache za jioni. Wakapekua bei, wakagundua kwamba kukodi saa 24 kulikuwa nafuu kuliko kukodi hizo saa chache. Basi wakachukua zote, kampuni ya mafuta ya Getty ikatoa mtaji, na hapo likazaliwa swali ambalo kila mwenye kituo kipya analijua: saa zote hizi utazijaza na nini?

Walizijaza na chochote. Mchezo wa kwanza kurushwa ulikuwa wa softiboli, tena ile ya kurusha mpira polepole, kati ya timu mbili zilizobeba majina ya pombe. Ukaja mpira wa Kiaustralia, ambao Wamarekani waliutazama bila kuelewa kwa nini waamuzi wake walivaa kofia na makoti. Soka liliingia kwa mlango huohuo wa nyuma. Katika miaka ya 1980 ESPN ilionyesha ligi ya soka la ndani ya ukumbi, linalochezwa kwenye kiwanja chenye kuta, mpira ukigonga ukuta unaendelea. Lilikuwa bidhaa ya bei chee ya kujaza muda, na hakuna aliyejifanya ni zaidi ya hapo.

Kikwazo kikubwa kilikuwa saa ya mwamuzi. Mpira wa Kimarekani husimama kila baada ya sekunde chache. Besiboli ina mapumziko kati ya kila zamu. Mpira wa kikapu una kocha anayeomba muda. Michezo yote hiyo imekaa kama basi la abiria, ina vituo vya kushusha na kupakia, na kila kituo ni tangazo la bia au la gari. Soka linaondoka saa tisa na kusimama saa tisa na dakika 45. Televisheni ya Marekani, inayokula kwa kuuza sekunde 30 za mapumziko, ilikuwa haina pa kuingiza mkono.

Walijaribu kuulazimisha. Mwaka 1967, kituo cha CBS kilipokuwa kinaonyesha ligi mpya ya soka, mwamuzi Peter Rhodes alikiri kwamba kati ya faulo 21 alizopuliza katika mechi moja ya Toronto na Pittsburgh, 11 alizipuliza ili matangazo ya biashara yapate nafasi. Hebu fikiria: mchezaji anaanguka, hajaguswa na mtu, filimbi inalia kwa sababu kuna sabuni ya kuuzwa. Kombe la Dunia la 1986, lililoonyeshwa na NBC pamoja na ESPN, lilikatwakatwa na matangazo mchezo ukiendelea. La 1990, lililokwenda kwa kituo cha TNT, vilevile. Ulikuwa unaacha mpira upande wa kushoto, ukirudi unaukuta upande wa kulia, hujui umefikaje.

Mwaka 1994 Kombe la Dunia lilikuja Marekani kwenyewe. Siku ya ufunguzi jijini Chicago, mwimbaji Diana Ross alipewa penalti ya maonyesho mita chache kutoka golini, akaipiga nje, na goli, kwa kuwa lilikuwa limeshaandaliwa kupasuka, likapasuka hivyohivyo. Waliokuwa na hamu ya kuudharau mchezo walipata kicheko chao. Lakini kwenye kioo kulikuwa kumefanyika jambo ambalo wachekaji hawakuliona. ABC na ESPN, ambazo tayari zilikuwa chini ya mmiliki mmoja, zilionyesha mechi bila kuzikata. Badala ya kukatiza mchezo, ziliweka pembeni mwa kioo kisanduku kidogo chenye muda na matokeo, na kando yake nembo ya mdhamini. Tangazo halikusimamisha mpira tena. Lilikaa nao.

Leo kisanduku hicho kipo kila mahali, hata kwenye mechi za Ligi Kuu ya Tanzania unazozitazama Jumamosi jioni, na hakuna anayekumbuka kwamba kuna wakati mtu alikuwa anawasha runinga na kusubiri mtangazaji ataje matokeo. Sky ya Uingereza ilikuwa imekitumia tangu 1992. Kwa Marekani, soka ndilo lililokileta, na mpira wa Kimarekani ukakiiga miezi michache baadaye. Nchi iliyosema mchezo huu haufai kwa televisheni ilijifunza kutoka kwake namna ya kupanga kioo.

Kombe lile lilijaza viwanja kuliko lolote kabla yake, watazamaji zaidi ya milioni 3.5 katika mechi 52. Fainali ya Brazil na Italia kule Pasadena iliingiza watu 94,194. Ungedhani baada ya hapo ESPN ingetoa pochi. Haikutoa. Ligi mpya ya nyumbani, MLS, ilianza tarehe 6 Aprili 1996, San Jose wakicheza na D.C. United mbele ya kamera za ESPN. Dakika zilikatika bila goli huku viongozi wa ligi wakiomba Mungu, maana sare ya 0-0 siku ya kwanza ingewapa wakosoaji kichwa cha habari cha bure. Dakika ya 88 Eric Wynalda akamzunguka beki na kuukunja mpira kona ya mbali. Afueni. Lakini kwa mechi hiyo na za miaka kumi iliyofuata, ESPN haikuilipa ligi ada ya haki za matangazo. Walikuwa wakigawana mapato ya matangazo, kama yapo, na ligi ndiyo iliyobeba mzigo.

Ligi ya Mabingwa ya Ulaya nayo ilikuwa kwao miaka hiyo, ikipeperushwa mchana wa katikati ya wiki, saa ambazo Mmarekani wa kawaida yuko kazini. Iliangukia mara nyingi ESPN2, chaneli ya pili iliyofunguliwa Oktoba 1993, na ikapata sauti yake katika Tommy Smyth, Muayalandi aliyezoea kuuita wavu wa goli mfuko wa vitunguu. Wahamiaji walimpenda. Bosi wa mauzo, sidhani kama alijua jina lake.

Kisha ikafika tarehe 10 Julai 1999, fainali ya Kombe la Dunia la Wanawake, Marekani na China, watu 90,185 uwanjani Pasadena na wastani wa karibu milioni 18 kwenye ABC. Briana Scurry akaokoa penalti ya Liu Ying, Brandi Chastain akafunga ya mwisho na kuvua jezi. Kwa miaka mingi hakuna mechi ya wanaume iliyofikia idadi ile Marekani. Ninalitaja kwa sababu wachambuzi wengi hulipita kama tukio la pembeni, ilhali lilithibitisha kwamba watazamaji walikuwepo muda wote wakisubiri mechi yenye uzito, inayoonyeshwa saa ya mchana, na yenye timu yao ndani.

Hata hivyo, zilipokuja haki za Kombe la Dunia la 2002 na 2006 kwa lugha ya Kiingereza, hapakuwa na kituo kilichotoa dau la maana. Timu ya wanaume ilikuwa imepoteza mechi zote tatu Ufaransa mwaka 1998, na mechi za Korea na Japani zingechezwa alfajiri kwa saa za Marekani. Hapa ndipo pana kisa ninachokiona kuwa cha ajabu kuliko vyote. MLS, ligi ambayo Januari 2002 ilifunga timu mbili za Florida na kubaki na timu kumi, iliunda kampuni yake ya masoko, ikanunua haki hizo kwa makumi ya mamilioni ya dola, kisha ikazipeleka ABC na ESPN na kuuza matangazo yenyewe. Yaani maskini alimnunulia tajiri chakula ili tajiri akubali kula naye. Wenye timu, akina Philip Anschutz na Lamar Hunt, walikuwa na hesabu moja tu: Mmarekani akikosa Kombe la Dunia kwa Kiingereza mara mbili mfululizo, ligi yao inakufa.

Kwa Kiingereza, nasisitiza, kwa sababu kwa Kihispania hapakuwa na wasiwasi wowote. Familia za Kimeksiko na za Amerika ya Kati zilikuwa zinatazama Univision, ambako miaka ya 1990 mtangazaji Andrés Cantor alivuta neno goli mpaka pumzi ikaisha, na hata wasiojua Kihispania walihamia huko kufuata mlio huo. Mwaka 2005, haki za 2010 na 2014 zilipouzwa, Univision ililipa dola milioni 325. ESPN na ABC zililipa 100. Ukitaka kujua soka lilikuwa na thamani gani Marekani kabla kituo kikubwa cha michezo hakijaamka, usiangalie Bristol. Angalia risiti ya Univision.

Lakini hata hizo milioni 100 zilikuwa mabadiliko. Nyuma yake kulikuwa na John Skipper, bosi wa maudhui ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa ESPN, na ambaye alikuwa shabiki wa kweli. Kabla hajafanikiwa alikula kichapo kimoja hadharani. Kombe la 2006 kituo kilimpa Dave O'Brien, mtangazaji hodari wa besiboli, kuwa sauti kuu. Besiboli ina kimya kirefu ambacho mtangazaji hukijaza kwa takwimu na visa vya maisha ya wachezaji. O'Brien akafanya hivyo Ujerumani. Mpira unakwenda winga, yeye anaeleza mchezaji amezaliwa wapi. Mashabiki walimchambua kama karanga, na kwa kweli kosa halikuwa lake bali la aliyemtuma.

Mwaka 2010 walikwenda Afrika Kusini na kikosi kingine. Waliajiri Waingereza: Martin Tyler, Ian Darke, Adrian Healey, na Mskoti Derek Rae. Wapo Wamarekani walionung'unika kwamba kituo cha nyumbani kimeukana ulimi wa nyumbani. Nawaelewa. Ila ukisikiliza tena matangazo ya Juni 23 kutoka Pretoria, unaelewa kwa nini Skipper alikubali kulaumiwa.

Marekani na Algeria, 0-0, dakika 90 zimekwisha. Sare inawatoa Wamarekani. Kipa Tim Howard anadaka kichwa, hasubiri, anaurusha mpira kwa mkono hadi karibu na mstari wa kati ambako Landon Donovan ameshaanza kukimbia. Donovan anampa Jozy Altidore upande wa kulia, krosi ya chini, Clint Dempsey anapiga, kipa M'Bolhi anautema, na Donovan, aliyeendelea kukimbia wakati wengine wamesimama kutazama, anausukuma wavuni. Kutoka mikono ya Howard mpaka wavuni ni kama sekunde kumi na mbili. Sauti ya Darke inapanda pamoja na mpira. Anataja majina na kinachotokea, hana takwimu hata moja, na goli linapoingia anauliza kama mambo haya yanaaminika.   Hapo Marekani ilisikia mpira unavyotangazwa.

Siku tatu baadaye Ghana waliwatoa. Usiku ule nilikuwa kibanda umiza, tumebanana kwenye viti vya plastiki, na Asamoah Gyan alipofunga dakika ya 93 mwenye kibanda alimwaga chai yake yote mgongoni mwa mteja na hakuna aliyegombana. Kule Marekani mechi hiyohiyo ilitazamwa na watu milioni 14.9 kwenye ABC pekee. Miaka minne baadaye, kutoka Brazil, mechi ya Marekani na Ureno ilivuta milioni 18.2 kwenye ESPN yenyewe, chaneli ya kulipia.

Neno hilo la mwisho ndilo lenye siri. Kwa nini kituo ambacho mwaka 2002 hakikuwa tayari kutoa dau, mwaka 2010 kilipeleka kikosi kizima hadi Johannesburg? Msomaji mwenye king'amuzi ataelewa haraka. Nyumba ya Marekani ilikuwa inanunua kifurushi cha kebo chenye chaneli zaidi ya mia, na kampuni ya kebo ilimlipa kila mwenye chaneli kwa kila nyumba, itazame isitazame. ESPN ndiyo iliyokuwa ghali kuliko zote. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2010 ilikuwa inachukua zaidi ya dola 5 kwa nyumba kwa mwezi, na mwaka 2011 ilikuwa kwenye nyumba milioni 100. Bibi anayetazama mapishi tu alikuwa anailipa ESPN. Kwa mpangilio huo, dakika 45 bila tangazo haziumi tena. Kinachohitajika ni kampuni ya kebo iogope kukukosa, na kitu kinachotia hofu hiyo ni kuwa na matukio makubwa ambayo mwingine hana. Soka lilikuwa heshima inayonunulika kwa bei ya chini. Mwaka 2007, kwa mara ya kwanza, hata MLS ilianza kulipwa na ESPN, mamilioni machache ya dola kwa mwaka, na kamera ikawekwa mbele ya benchi la Beckham.

Bahati mbaya ya anayenunua kitu rahisi na kukipandisha thamani ni kwamba wengine wanaona. Ligi ya Mabingwa ilikwenda Fox mwaka 2009. Oktoba 2011, mjini Zürich, Fox wakachukua na Kombe la Dunia la 2018 na 2022 kwa dola zaidi ya milioni 400, na Telemundo, kituo kingine cha Kihispania, wakamnyang'anya Univision kwa takriban 600. Mwaka 2013 Ligi Kuu ya Uingereza ikahamia NBC. Kombe la Dunia la 2026 FIFA iliwapa Fox na Telemundo bila hata zabuni. Skipper aliijenga nyumba, wapangaji wengine wakahamia. Brazil 2014 ilikuwa kazi bora kuliko zote walizofanya, ikiwa na studio iliyotazama ufuko wa Copacabana, nayo ikawa kwaheri yao kwa Kombe la Dunia la wanaume.

Wakati huo kifurushi nacho kilikuwa kinavuja. Vijana walikata kebo. Kufikia 2021 nyumba za ESPN zilikuwa zimeshuka chini ya milioni 80. Tarehe 12 Aprili 2018 kituo kikaanzisha ESPN+, huduma ya intaneti ya dola 4.99 kwa mwezi, na ghafla soka likawa na kazi ya tatu. Halikuwa tena kijaza-muda wala heshima. Lilikuwa chambo. Shabiki wa mpira wa Kimarekani alibaki kwenye chaneli kubwa, lakini mtu aliyeifuata Napoli, Dortmund au Betis kila wiki alikuwa tayari kulipia mahali padogo akijua timu yake ipo. Serie A ikaingia mwaka huohuo. Bundesliga mwaka 2020. Mwaka 2021 ikaja La Liga, miaka minane kwa dola bilioni 1.4. Hesabu: kituo kilichotoa milioni 100 kwa Makombe ya Dunia mawili kilikubali kutoa milioni 175 kwa msimu mmoja wa ligi ya Hispania.

Mafanikio? Kwa mwenye timu yake, ndiyo, na kwa siku moja anapata mechi nyingi kuliko alizozipata babake kwa mwaka. Mimi naona na hasara. Mechi ya Donovan ilimkuta mtu aliyekuwa amewasha runinga kwa mambo yake mengine, kwenye baa, kwa kinyozi, kwenye chumba cha kusubiria daktari. Mechi iliyo nyuma ya ukuta wa malipo inamkuta anayeitafuta tu. Na huku kwetu, ambako ESPN iliingia kwenye DStv Julai 2020, wengi waliijua kama chaneli ya kuonjea ligi ambazo SuperSport haikuzipa kipaumbele.

MLS nayo ikaaga. Kuanzia msimu wa 2023 ligi ilijifunga na Apple kwa miaka kumi, angalau dola bilioni 2.5. Miezi michache ndani ya mkataba huo, Agosti 6, FC Dallas waliwakaribisha Inter Miami mjini Frisco katika mashindano ya Leagues Cup, Messi akiwa mgeni wa heshima. Dallas walipata goli kutoka kwa Bernard Kamungo, kijana aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, na kufika Abilene, Texas, akiwa na miaka 14, kisha akaokotwa kwenye majaribio ya wazi. Mechi iliisha 4-4, Miami wakapita kwa penalti. Messi alifunga mawili. Timu yake inamilikiwa kwa sehemu na yule aliyekuwa benchi la Carson mwaka 2007, ambaye mkataba wake wa wakati ule ulimpa haki ya kununua klabu kwa dola milioni 25. ESPN haikuwa na kamera Frisco. Ndugu wa Kamungo waliotaka kumwona mubashara, popote walipokuwa, walifungua programu ya kampuni inayotengeneza simu.